Mama Pacha na Bomba Zima

Jumatatu, 3 Machi
Iandikwe, vizazi visome: leo saa tatu asubuhi ukurasa wa ofisi yetu ya maji umepata maoni ya kwanza yasiyo matusi. Mtu kauliza kama tunauza matangi. Hatuuzi. Nimemshukuru hivyo hivyo.

Mkurugenzi hakufurahi. Kasema wateja wa leo hawaandiki barua, wanasemea mtandaoni, na ofisi isiyowasikiliza itaumbuka mchana kweupe. Nisipomwonyesha mteja mmoja aliyesikilizwa kufikia Ijumaa, ukurasa anapewa fundi mkuu, mimi narudi masjala. Fundi mkuu kanipigapiga begani. Eti nisijali mzee mwenzangu, mafaili hayatukani mtu.

Jumanne, 4 Machi
Nimezaa mteja wa bandia mtandaoni. Mama Pacha, picha ya ua jekundu. Kalalamika kwamba bomba la kona ya shule limepasuka. Bomba lile ni zima kama kigongo, ndiyo maana nimelichagua. Kesho natangaza limetengenezwa. Akili ni nywele, na upara haujazimaliza zangu zote.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Watu hamsini na watatu wamemuunga mkono Mama Pacha. Wanaandika: sema dada, na kwetu pia. Mitaa, namba za nyumba, mpaka picha. Nilikuwa nafuta, kumbe Mkurugenzi keshasoma. Kampa fundi mkuu orodha nzima. Huyo kanitazama kama nimemkanyaga kidonda.

Alhamisi, 6 Machi
Mabomba kumi na moja yametengenezwa. Bibi mmoja kaandika kwamba ameoga bila ndoo, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Nimesoma mara tatu. Vumbi likaniingia machoni.

Lakini fundi mkuu kachimba kona ya shule mita nne, hakukuta hata unyevu. Anamtafuta Mama Pacha. Mkurugenzi pia: aje kesho apewe cheti. Nimemwangukia shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, tunayeishi naye, ajifanye Mama Pacha. Kakubali upesi mno. Ilinipasa kushtuka.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kapokea cheti, kakunja hotuba niliyomwandikia. Kasema nyumbani kwao bomba limekauka miezi mitatu, na mwenye nyumba ni mtumishi wa ofisi hii hii, yule pale anayejificha nyuma ya pazia. Ukumbi hoi. Fundi mkuu alikaa sakafuni kucheka.

Nikakiri yote. Mkurugenzi kasema barua ya onyo inakuja, lakini wale hamsini na watatu hawakubuniwa, na ukurasa ndio uliowaleta. Nabaki nao. Ushindi! Shimo la kona nilifukie mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: sikumsikiliza yeyote. Nilikuwa najiokoa, watu wakapita katika uongo wangu kama mlango ulioachwa wazi, wakasema yao. Sifa nimechukua mimi.

Nimefukia shimo. Mikono imejaa malengelenge, fundi mkuu alisimama juu yangu akinihesabia kila sepetu. Basi jioni nimefungua akaunti mpya, picha ya paka. Anaitwa Babu Mstaafu, na ana malalamiko mazito kuhusu fundi mkuu.