Filamu Kumi za Halowini na Moja Iliyoachwa

Bi. Verna Stukel,
Nyumba ya kijani nyuma ya kanisa,
Pelker, Iowa.
Jumatatu, tarehe 21 Oktoba.

Ndugu Mhariri,

Kama u mzima, shukuru Mungu. Mimi nami nilikuwa mzima hadi Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, gazeti lako la Mwenge wa Pelker liliponifikia nikafungua ukurasa wa sita. Hapo kijana wako Kendrick Voss alikuwa amewapangia wasomaji filamu kumi za kutisha za kutazama wiki ya Halowini. Nilisoma kuanzia ya kwanza hadi ya kumi. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena kuanzia ya kumi kurudi ya kwanza, nikidhani labda nikiingilia mlango wa nyuma nitaikuta. Haikuwemo.

Naizungumzia Mkulima Asiye na Uso, filamu pekee iliyowahi kupigwa katika mji huu, kiangazi cha mwaka 1978, ambamo mimi ninayekuandikia niliuawa wa tatu.

Mimi si mtu wa kulalamika. Nimepika katika shule yetu miaka thelathini na mmoja, na hata walipoamua kuwa watoto wale brokoli kila Jumanne sikuandika barua kwa mtu. Lakini kimya kina mpaka wake. Nayaweka malalamiko yangu kwa nambari, ili Kendrick asije akasema hakuelewa.

1. Kwamba hizo filamu kumi hazitishi. Sisemi kwa kusikia. Nimezitazama zote kwa siku nne, mchana kweupe, nyumbani kwa wifi yangu Ludmila mwenye televisheni kubwa, nikiwa na daftari. Ya kwanza ni ya familia iliyohamia nyumba ambayo kuta zake huguna. Ludmila, ambaye kuta zake zimekuwa zikiguna tangu mwaka 1991, akasema, "Sasa hawa si wamwite fundi bomba?" Ya nne ni ya mwanasesere anayegeuza shingo. Ya saba ni ya vijana watano walioambiwa wasiteremke kisimani, nao, kama walivyolelewa, wakateremka. Kwa filamu zote kumi nimefuma soksi mbili na nusu wala sikukosea hata tundu moja. Ludmila alisinzia katikati ya ya sita, akaamka kwenye ya nane, akaniuliza kama yule mama amekwisha washa taa. Yule mama alikuwa wa filamu nyingine kabisa, lakini huyu mpya naye alikuwa hajawasha.

2. Kwamba nilikwenda ofisini kwenu Ijumaa kuuliza kistaarabu, nikapokewa na Kendrick kama ifuatavyo.

"Bi. Stukel! Karibu, karibu. Umeniletea zile biskuti?"

"Nimekuletea swali. Mbona filamu yetu haimo?"

"Filamu yenu ipi?" Nikamtajia. Akauma kalamu, kisha akapasuka kwa kicheko. "Aaa, si ile ya gunia? Bi. Stukel, jamani! Ile hata kwenye mtandao haipo."

"Hata wewe mvua ikinyesha na mtandao ukakatika hupatikani humo, lakini upo."

"Haya, hapo umenipata. Lakini niambie ukweli, kuna mtu aliyewahi kutishika na kitu kile?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa unaigiza, bibi yangu!"

Kijana huyu nimemlisha viazi vya kuponda tangu darasa la kwanza, na nilikuwa nikimwongezea mchuzi kwa siri kwa sababu alikuwa mwembamba. Leo ananicheka mbele ya mashine ya kahawa. Jibu lenyewe ni refu na linahitaji nambari yake.

3. Kwamba sikuwa naigiza. Rupert Gaines, mwongozaji, alikuja kutoka Omaha na kamera moja, gari lililokuwa la kusambazia maziwa, na mke aliyepika, aliyeshona, na aliyetuchora majeraha. Damu yetu ilikuwa sharubati ya mahindi iliyotiwa rangi. Sasa wewe, Ndugu Mhariri, ni mtu wa Iowa. Mpake msichana sharubati kuanzia sikio hadi kiuno, msimamishe shambani mwezi wa Agosti, halafu uniambie nyigu watafikiri nini. Mmoja alinichoma shingoni hasa pale nilipotakiwa kufa. Ukelele nilioupiga uliwafanya ng'ombe wa jirani yetu Bohumil Zeman waruke seng'enge, na mmoja wao hakurudi hadi Ijumaa. Ukelele huo umo ndani ya filamu kama ulivyotoka, haukuguswa. Waulize wale wasichana wa filamu kumi za Kendrick ni nani kati yao aliyechomwa na chochote.

4. Kuhusu muuaji. Mwigizaji aliyeletwa kutoka Omaha aliruka kutoka dari ya ghala siku ya kwanza akaumia kiuno. Gaines akatazama huku na huku, akamwona fundi umeme aliyekuwa akitengeneza taa za banda la ng'ombe, mrefu wa kutosha, akamvika gunia la mbegu kichwani. Siku tatu mfululizo, saa kumi jioni, kwa sababu Gaines alipenda jua la saa hiyo, mtu huyo alinikimbiza ndani ya mahindi akiwa na uma mkubwa wa kubebea nyasi. Na kila aliponifikia alininong'oneza kutoka ndani ya gunia, "Samahani dada, nimekukanyaga?"

Siku ya nyigu alitupa uma, akavua gunia, akachota tope kwenye hori la ng'ombe akanipaka shingoni. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona sura. Gaines akapiga kelele, "Gunia! Rudisha gunia, bwana, jua linatoroka!" Yeye akajibu bila hata kugeuka, "Acha litoroke. Dada ameumwa."

Mwaka uliofuata jina langu la ukoo likawa Stukel. Nalitaja hili kama ushahidi wa ubora wa filamu, si kwa sababu nyingine.

5. Kwamba gazeti hilihili, toleo la Mei 1979, liliandika kuwa usiku wa uzinduzi watazamaji "walitoka ukumbini wakitabasamu." Nilikuwepo. Walikuwa wamekaza meno kwa hofu. Naomba masahihisho, japo mwandishi wake ni marehemu.

6. Kuhusu Arlo Pruitt na sinema yake. Unajua, kama tujuavyo sote, kwamba kila tarehe 31 Oktoba Arlo huonyesha filamu iliyoshika nambari ya kwanza katika orodha yenu. Skrini ya Arlo ni pana kuliko nyumba yangu. Kanda ya Mkulima Asiye na Uso imebaki moja tu duniani, nayo iko kabatini kwangu, chini ya mapambo ya Krismasi. Mashine yetu ya kanda ilikuwa ikifa kila mwaka, na kila mwaka mume wangu Leland, yule fundi umeme, akiifufua kwa bisibisi na matusi ya Kicheki. Tangu tumzike, sasa ni miaka minne, nayo imekataa kufufuka. Ninazo picha za mnato, boksi zima: Leland na samaki, Leland na trekta, Leland kafumba macho siku ya harusi. Leland anayetembea sina. Ndani ya filamu uso wake umefunikwa, ni kweli, lakini mwendo ni uleule, bega la kushoto limeshuka kidogo, upande aliozoea kubebea boksi la vifaa.

Hilo si hoja. Hoja ni ubora wa filamu. Nimelitaja tu kwa sababu nambari sita ilikuwa fupi.

7. Kwamba neno "gunia" lisitumike tena.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba kwa heshima zote orodha ichapishwe upya na filamu yetu iwe nambari moja. Kama Kendrick bado ana mashaka, aje shamba la kina Zeman saa kumi jioni na viatu vya kukimbilia. Ludmila ana miaka sabini na sita lakini uma anao, na cha kuvaa kichwani tutampatia. Akimaliza ekari ishirini za mahindi na wifi yangu nyuma yake, ndipo anieleze kuhusu wanasesere wanaogeuza shingo.

Kama hilo halitoshi, nitaliomba baraza la mji liamue kwamba mtoto yeyote atakayegonga mlango Pelker nzima kuomba peremende, kama ilivyo desturi ya Halowini, asipewe hata moja mpaka ataje nani aliuawa wa tatu. Majirani wanne wamekwisha kubali. Wa tano amesema yeye kila mwaka hugawa matufaha, nami naona hiyo ni adhabu inayojitosheleza.

Na kama hata hapo hakuna kitakachofanyika, nitakuja kusimama chini ya dirisha lako kila Jumatano na kupiga ukelele ule, wenyewe, bila nyigu. Sauti bado ninayo. Niliijaribu jikoni jana baada ya ibada. Zimamoto walifika kwa dakika sita, wakakagua jiko, wakanywa kahawa, na mkubwa wao akaniambia, "Mama, nywele zimenisimama." Naye ni mtu aliyeona mengi. Yeye na wenzake wako tayari kutoa ushahidi.

Nisalimie mkeo na mama yake, mafundi wa mtamboni, yule dada wa matangazo ya vifo anayeandika vizuri, na paka wa dirishani. Nisalimie kila mtu wa hapo ofisini asibaki hata mmoja. Kendrick naye umsalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi, kwa upole ambao unakaribia kuisha,

Verna Stukel
(aliyeuawa wa tatu)

Nyongeza, Alhamisi.

Ndugu Mhariri, barua ilikuwa bado mezani ikisubiri stempu wakati Kendrick alipobisha hodi jana saa nane mchana, kakumbatia mashine ya kanda aliyoiazima stoo ya shule baada ya zimamoto kumsimulia habari za kanda yangu, vumbi limempaka hadi kwenye nyusi. Alisimama mlangoni akasema, "Bi. Stukel, nimekuja kutishwa." Nikampigia simu Ludmila. Nikatoa kanda chini ya mapambo. Tukakaa watatu kwenye kochi, tukatazama.

Filamu ile haimtishi hata kuku.

Shamba linaonekana kama shamba. Maiti wa kwanza anajikuna. Ukelele wangu, ambao kwa miaka arobaini na sita nimeamini kuwa ni wa kugandisha damu, ni wa mtu aliyeshika mpini wa sufuria ya moto. Kendrick alibana kicheko mpaka akawa mwekundu, akanitazama kwa pembe ya jicho kuona kama anaruhusiwa, akanikuta mimi nimeshalowa machozi kwa kucheka. Ludmila ilibidi atoke nje ashike ukuta.

Lakini muuaji ndiye aliyeniangusha kabisa. Sikuwahi kumwona nikiwa ninakimbia, maana nilikuwa mbele, na kuanzia usiku wa uzinduzi, kila ilipofika hapo nilijifunika macho na masikio. Kila nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Nikijikwaa, anasimama kabisa, anashusha uma, anangoja nijiinue na nijikung'ute gauni, ndipo anaanza tena kuniandama. Kuna mahali anafika karibu kiasi cha kunigusa, nami nimechoka, nimeinama nahema, na yeye anageuka kutazama mahindi, kama mtu anayempisha mwenzake ajipumzishe kidogo.

Muuaji wa namna hiyo hawezi kuwekwa katika orodha ya mtu yeyote mwenye akili zake. Kendrick alikuwa sahihi. Naomba uyafute malalamiko yote kuanzia la kwanza hadi la saba na ubakize salamu. Baraza la mji nimeliambia lisijisumbue. Arlo ameitazama leo asubuhi, amesema ataionyesha Jumamosi saa nane mchana kwa watoto wote wa Pelker, kama filamu ya vichekesho, na bisi zitagawiwa mlangoni. Tangazo lake Kendrick ameliandika mwenyewe. Ameliita "Ile ya Gunia," nami nimeliacha lipite.

Jana picha zilipokwisha Kendrick alinyoosha mkono kuzima mashine. Nikamwambia aache, arudishe nyuma, pale tunapoingia mahindini. Safari hii nilitaka niangalie vizuri nilikuwa nakimbia nini.