Wajomba Kwenye Intavyuu

Kipkurui alipoona chumba kitupu juu ya duka la dawa za mifugo pale Kaplong, alijua kwamba Mungu bado anamkumbuka. Wengine wangeona vumbi na meza inayoyumba. Yeye aliona makao makuu ya kampuni ya kimataifa ya majani chai. Kufikia jioni tangazo lilikuwa ukutani: Tunatafuta mameneja.

Ujanja wake ulikuwa mwepesi, na ulikuwa umemlisha vizuri kule Sigor mwezi uliopita. Intavyuu ilikuwa na swali moja tu: unatarajia mshahara kiasi gani? Mtu akitaja mdogo, Kipkurui aliguna na kusema kampuni haipendi watu wanaojidharau. Basi mtu alipandisha, akapandisha tena, mpaka akaanza kujionea fahari. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba ada ya mafunzo ni sehemu ya kumi ya mshahara aliojitajia mwenyewe. Nani atalalamikia mdomo wake?

Fedha za Sigor zilikuwa zimegeuka gari, Probox nyeupe, iliyoegeshwa chini ya dirisha. Ndiyo mali pekee aliyowahi kumiliki, na aliipenda kwa dhati, tuseme ukweli. Wiki moja ya Kaplong, kisha yeye na Probox yake wangehamia Nakuru wakaishi kama watu.

Wa kwanza kuingia alikuwa binti aliyejitambulisha kama Chepngeno. Kipkurui akarekebisha miwani yake ya jua, ambayo hakuwahi kuivua ofisini kwa sababu ya hadhi, akauliza swali lake.

"Hiyo si maneno ya mtoto kujibu," Chepngeno akasema kwa upole. "Wajomba wako hapo nje."

Wakaingia wazee wawili wenye makoti na fimbo, Johana na Kimeli, na nyuma yao shangazi Esnah na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa. Esnah, mama aliyejaa vizuri, akavuta kiti mlangoni, na mlango ukawa umefungwa bila kufuli. Johana akaeleza kwamba msichana wao anatoka nyumbani kwenda kwa watu, na msichana hatoki hivi hivi. Mshahara utazungumzwa kama koito, vile mahari huzungumzwa, polepole na kwa heshima.

Kipkurui alicheka moyoni. Wazee wana tamaa kuliko vijana, na sehemu ya kumi ni sehemu ya kumi. Akapewa maziwa ya kibuyu, akanywa, akajipangusa mdomo. Hilo lilikuwa kosa. Mtu aliyelelewa na nyanya yake kule Merigi hawezi kukataa mursik ya wazee, na akishainywa hawezi kuinuka kabla maneno hayajaisha.

Wazee wakaomba mitamba kumi na miwili kwa mwaka. Kipkurui akakubali palepale, nao wakanuna. Mtu asiyebishana kuhusu mitamba, Kimeli alisema, ama ni mgonjwa ama hana nia njema. Ikabidi ashuke mpaka minane na kupandishwa mpaka kumi, akitokwa na jasho la kweli kwa ajili ya ng'ombe wasiokuwepo. Walipoelewana, akakohoa na kutaja sehemu ya kumi.

"Ni sawa kabisa," Johana akasema. "Mtamba moja. Unaleta lini?"

Kipkurui akaeleza kwamba anayelipa ni mwenye kutaka kazi.

"Hapana, kijana yangu. Sisi tulikuwa tumekaa kwetu. Wewe ndio umebandika kwa ukuta ati unatafuta. Kwa koito, mwenye anatafuta ndio anatoa."

Kupiga kelele angeweza, lakini kelele huleta polisi. Kimeli akachungulia dirishani, akasema wangeridhika kushika ile Probox kwanza. Kipkurui akatoa funguo. Machozi yalimjia kweli, ikambidi avue miwani ayafute, na kwa mara ya kwanza akawaona watu hawa vizuri.

Kimeli ndiye aliyemlipa ada kule Sigor ili awe meneja wa kiwanda. Johana na Esnah, wakurugenzi. Chepngeno alikuwa ameuza ng'ombe wa mamake ili awe mhasibu mkuu. Hawakuwa na undugu wowote ila lile swali moja.

Wakashuka. Baada ya muda mfupi wakarudi wote, wakiwa na aibu kidogo. Probox ilipaswa kufika Sigor ikauzwe, igeuke ng'ombe tena, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kuendesha gari. Chepngeno akazunguka meza, akaketi kwenye kiti cha mkurugenzi, akavaa ile miwani.

"Tunatafuta dereva," akasema. "Unatarajia mshahara kiasi gani?"

"Lakini mwenye anatafuta si ndio anatoa?" Kipkurui akauliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ni koito," Johana akamjibu. "Hii ni intavyuu."

Kipkurui akataja mshahara mdogo sana. Chepngeno akaguna. Kipkurui akapandisha, akapandisha tena, na kwa kuwa mifuko yake ilikuwa mitupu, sehemu ya kumi ikatolewa kwa viatu. Mpaka Sigor kanyagio la breki lilikuwa baridi chini ya unyayo wake, na nyuma yake wakurugenzi walikuwa wakimalizia mursik.