Sindano ya Kinyozi

Redio ilisifia sindano mpya ya magamba ya ngozi kwa pumzi moja, halafu ikataja madhara yake mpaka Kinyozi akamaliza kufagia. Alifagia kwa mazoea tu, maana sakafuni hapakuwa na unywele. Foleni ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi mwingine. Sisi tulikuwa kwenye benchi la Kinyozi wetu, nje, kijiwe chetu cha siku zote.

Magamba hayo anayo mikononi, miaka sasa. Daktari kamwambia kesho apeleke jibu: abaki na dawa ya kupaka au aanze sindano.

"Usithubutu," akasema Spika, tunayemwita hivyo kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. "Inashusha kinga. Mafua tu yatakuzika."

"Wamesema wachache ndio hupata maambukizi," Kinyozi akamjibu. "Na unapimwa kwanza."

"Hao wachache si watu?"

Fundi Viatu akatoa msumari aliokuwa kaubana mdomoni. "Wewe Spika unapanda pikipiki bila kofia ngumu."

"Ule ni usafiri."

"Na sigara?"

"Ile starehe. Hapa tunaongelea dawa, kitu cha hatari."

Nikamuuliza Kinyozi daktari alisemaje hasa.

"Kwamba ngozi inaweza kusafika yote, au nusu, au isisafike. Kupona moja kwa moja hakuna, ni kuutuliza ugonjwa tu. Halafu akaniuliza mimi mwenyewe nataka nini zaidi maishani. Hapo ndipo nilipokwama, nikasema niwaulize wenzangu."

"Basi tumekujibu," akasema Spika. "Uzima kwanza, ndugu yangu. Magamba hayaui, hayaambukizi, na sisi tumeshakuzoea. Nani amekukimbia hapa?"

Kinyozi akamzunguka taratibu, akamtazama kisogo. Kilikuwa kimenyolewa upya, mstari umenyooka kama wa rula.

"Kazi safi," akasema. "Ya nani?"

Spika akakifunika kisogo kwa kiganja. Fundi Viatu akavuta kofia yake mpaka masikioni. Mimi nina kipara tangu ujana, sina kesi, lakini niliona aibu na mimi nikainama.

Kinyozi akaegemeza ufagio mlangoni.

"Jibu la kumpa daktari nimelipata: naanza sindano," akasema. "Kesho nitachelewa kufungua. Benchi mtalikuta nje. Mkitaka kunyoa, vukeni barabara kama mlivyozoea."