Ripoti ya Safari Kabla ya Safari

Idara ya Ziara za Nje inautangazia umma kwamba, kuanzia mwezi huu, kila mtumishi anayekwenda ng'ambo ataandika ripoti ya safari yake kabla ya kuondoka. Hatua hii italinda ukweli usiharibiwe na mambo atakayoyaona huko.

Tangazo lilipigwa chapa na mama mmoja ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akichapa ripoti za safari za wenzake, yeye mwenyewe hajavuka hata mpaka mmoja. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alikuwamo katika msafara wa watu saba. Na nchi wanayokwenda ndiyo aliyohamia dada yake, ambaye hawajaonana naye kwa miaka tisa. Alikuwa na hamu naye mpaka chakula kilikuwa hakishuki.

Wakubwa sita walimaliza ripoti zao kwa siku mbili. Watu wa huko, waliandika, ni wachoyo wa salamu, hulala saa kumi na mbili jioni, na hupenda mbwa kuliko shemeji zao. Mkurugenzi aliongeza kwamba hotuba yake ilipigiwa makofi dakika nne. Rasimu ya kwanza ilisema dakika sita, lakini mkurugenzi ni mtu asiyependa makuu.

Karatasi ya mpigachapa ilibaki nyeupe. Akaitwa na mkurugenzi.

"Mama, ripoti yako iko wapi?"

"Bado, mkuu. Sijui niandike nini."

"Andika dada yako amekonda, anajuta, analilia nyumbani. Msimamo wa idara ni kwamba walioko nje wanateseka."

"Mbona juzi kwenye simu alikuwa anacheka?"

"Idara haifanyi kazi na vicheko, mama."

"Sasa je, nikimkuta amenenepa?"

"Utakuwa umemkuta kinyume cha utaratibu."

Alirudi mezani kwake akaandika: Dada yangu amekonda. Akayatazama maneno hayo, yakamchoma moyo, akayafuta. Akatia sahihi karatasi tupu na kuikabidhi, akijua safari imeota mbawa. Mkurugenzi aliambatisha maoni kwamba mtu asiyejua atakachokiona hafai kwenda kukiona, akapeleka zote saba wizarani.

Majibu yalikuja baada ya wiki. Wizara iliwapongeza waheshimiwa sita kwa ziara yenye mafanikio na kurejea salama. Kwa kuwa walikwisha kwenda, tiketi zao zilifutwa. Mtumishi mmoja tu ndiye ambaye hakuwa na ripoti, maana yake hajasafiri. Aondoke Alhamisi.

Mkurugenzi alirukia simu. "Jamani, sijaenda popote! Niko hapa hapa ofisini!"

"Mkuu," afisa wa wizara alimjibu kwa upole, "kama hukwenda, basi ripoti uliyoitia sahihi ni ya uongo, na hilo ni kosa la kufukuzwa kazi. Ulikwenda au hukwenda?"

Mpigachapa aliacha kuchapa.

"Nilikwenda," mkurugenzi akasema.

"Haya, pole na safari, mkuu."