Mtaalamu wa Fasihi wa Nateete

Jumatatu, 10 Juni 1974
Nimepata kazi isiyotoa jasho. Tangu Kiswahili kifanywe lugha ya taifa mwaka jana, wazazi wa mtaa wetu wa Nateete wanahangaika na kazi za nyumbani za watoto wao. Mimi babu yangu alitoka pwani, lugha iko kwenye damu. Nimetangaza msikitini: Farouk anasaidia maswali ya fasihi na insha, malipo ni sukari. Madukani haijaonekana tangu Machi. Jirani yangu Rukiah, mwalimu mstaafu, naye anasaidia watoto barazani kwake, tena bure, na lazima kwanza wasome kitabu kizima. Nitammaliza kwa wiki moja.

Jumanne, 11 Juni
Mteja wa kwanza! Ayot, msichana wa kidato cha kwanza, anasoma shule ya Mengo. Kaleta sukari ndani ya gazeti, na riwaya ya darasa. Nikamwambia mtaalamu hahitaji kitabu, anahitaji swali. Swali: kwa nini Tabu alimkimbia Bwana Sefu, kisha akarudi? Rahisi. Nimeandika kurasa mbili: mke mwenza, wivu, machozi kwenye leso, mwisho mapenzi yakashinda. Chai tamu, vikombe vitatu.

Alhamisi, 13 Juni
Ayot amepata sifuri. Mwalimu wake kaandika kwa wino mwekundu: "Tabu ni punda."
Ningejuaje? Kosa ni la mwandishi, kumpa mnyama jina la mtu. Ayot hakulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema akifeli muhula huu atarudishwa Lira, kule kaskazini, kwa shangazi yake, na shule basi. Halafu akasema baba yake anataka kuniona. Nikauliza baba anafanya kazi gani. Polisi.

Ijumaa, 14 Juni
Buti mlangoni, saa kumi jioni. Siku hizi ukisikia buti huulizi ni nani. Nilitokea dirisha la nyuma, nikaangukia mihogo ya Rukiah. Akanishika mkono na kunirudisha kama mbuzi aliyepotea.
Koplo Odur, baba yake Ayot, alikuwa ameketi na binti yake, kofia magotini. Sauti yake ndogo kuliko nilivyotarajia. Alisema shule imekubali Ayot apeleke jibu jipya Jumatatu.
"Mwalimu, mimi Kiswahili changu ni simama na kaa tu. Huyu mtoto nataka apite mimi."
Ameniita mwalimu. Akaomba tuanze hapo hapo, yeye asikilize.
Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja. Nikamuuliza Ayot Tabu ni nani. Akaeleza. Nikauliza kwa nini alikimbia. Akaeleza vizuri sana. Kila aliponyamaza nikauliza tena kwa nini. Punda alipomwangusha Bwana Sefu mtoni, koplo alicheka mpaka akajifuta macho. Ayot akaandika mwenyewe kurasa tatu. Kusema kweli, hata mimi nilitaka kujua mwisho.

Jumanne, 18 Juni
Kumi na saba juu ya ishirini! Koplo kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ayot habaki nyuma: ameanza kuandika hadithi yake mwenyewe, na Lira haitajwi tena.
Rukiah akauliza kama sasa nimeona faida ya kusoma kitabu. Nikamwambia nimeiona. Ayot alikisoma, tukafaulu.
Wanafunzi wapya sita wamejiandikisha. Kesho tunaanza ushairi. Sijawahi kusoma mashairi, ila nimeyaona kwa mbali, barazani kwa Rukiah. Ni mafupi.