Farasi wa Pipani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kuandika. Mtu mwenye akili kama zangu asipoandika, dunia inapata hasara. Shule niliishia darasa la tatu, maana mwalimu alikuwa amemaliza vya kunifundisha.

Mkwe wangu, mume wa binti yetu, anafanya kazi kwenye mtambo wa kusafishia maji taka ya mji. Jana alikuja kula, akasimulia kuwa mabomba yao yalikuwa yanazibwa na mawe meupe. Miaka yote wanayagonga kwa nyundo, wanayatupa. Kumbe mbolea! Siku hizi wanayatengeneza makusudi, yanatoka punjepunje, yanakwenda shambani. Ndani yake mna kitu kinaitwa fosifarasi. Nikaelewa papo hapo. Fosi ni nguvu, farasi ni farasi. Nguvu ya farasi! Mkwe akataka kunisahihisha, eti ni fosforasi. Nikamwambia aongeze mchuzi.

Nikamuuliza farasi huyo anatoka wapi. Akaitazama sahani yake, akasema kwa adabu: Baba, sehemu kubwa ni kwenye mkojo.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kanipa sharti. Tuta langu la spinachi nyuma ya jiko limedumaa, majani kama masikio ya panya. Ng'ambo ya ua, jirani yetu Fundi Cherehani alipanda siku ileile. Basi tarehe ishirini na mbili Fundi atapima majani ya pande zote mbili kwa utepe wake. Nikishindwa, tuta linakuwa banda la kuku wa mke wangu. Tuta langu! Katika nyumba hii nzima, hapo tu ndipo ninapotoa amri zikatiiwa.

Nimeweka pipa nyuma ya karakana ya seremala, tunapochezea drafti. Nimewaambia wenzangu kila mtu achangie. Seremala kauliza, mchango wa harusi ya nani, mzee? Nikamwonyesha pipa. Walicheka mpaka mmoja akachangia kabla hajalifikia.

Jumamosi, 8 Machi

Pipa limejaa, seremala kanisaidia kulileta nyuma ya jiko. Linanuka, yaani liko tayari. Mkwe alisema ukitaka punje zishuke, tia magnesia. Mke wangu anayo, ile dawa nyeupe ya tumbo. Nimeimimina yote, nikakoroga kwa mpini wa jembe. Baada ya chai nikachungulia. Chini kumetulia unga mweupe. Farasi kashuka!

Kitambaa cha kuchujia nimemwomba Fundi. Kauliza cha nini. Siri, nikasema. Kanipa bure, na pindo kanishonea. Maskini, anajishonea sanda mwenyewe.

Mke wangu anatafuta dawa yake nyumba nzima. Nimemshauri anywe maji ya moto.

Jumatatu, 10 Machi

Unga umekauka juu ya bati. Nimeunyunyiza tuta zima. Yakabaki maji ya pipa, ya kahawia, yananuka kama laana. Farasi nimeshamtoa, kumebaki ubaya mtupu. Likanijia wazo! Fundi alipotoka kupeleka sare za shule, nikamwaga pipa lote kwenye tuta lake. Kwaheri spinachi. Sijamaliza hata kunawa, mvua ikashuka, ikapiga mpaka jioni.

Fundi aliporudi kamlaumu paka wake kwa ile harufu. Nami nikamlaumu paka.

Jumapili, 16 Machi

Mkwe kaja. Kazisifu punje zangu, ila kasema zinayeyuka polepole, zinalisha mizizi, nisiwe na haraka. Kauliza yale maji yaliyobaki yako wapi. Nimeyatupa, nikasema. Kasikitika. Eti Baba, mle ndimo kilimobaki chakula cha majani, ukiyazimua kwa maji mengi spinachi inashangilia. Nikamtazama kwa huruma. Kijana wa watu, harufu ya kazini imempanda kichwani.

Tuta la Fundi limekuwa kijani. Kijani cha kutisha. Ndivyo mmea unavyofanya kabla ya kufa.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya kupima. Fundi kaja na utepe shingoni, pini mdomoni. Kaanza kwangu. Kasema jani hili, mzee mwenzangu, linatoa kola ya mtoto mchanga. Tukaenda kwake. Jani moja, mgongo mzima wa koti! Mwenyewe anashangaa. Kasema hajatia hata kiganja cha samadi, labda mvua, labda baraka za ujirani mwema. Nikakohoa.

Mke wangu kanitazama mimi, akatazama pipa, akatazama ua. Kisha akaenda kuwafungulia kuku wake.

Kuku wameingia saa ileile. Jogoo kapanda katikati ya tuta langu, katoa amri. Katiiwa.

Jumapili, 23 Machi

Fundi kaleta kikapu cha spinachi. Tumekula sote, binti, mkwe, na Fundi mwenyewe. Tamu! Nimeongeza mpaka sufuria ikalia. Mkwe kamsimulia Fundi ile fosifarasi yangu, sasa ananiita Mzee Farasi. Jina limenikaa vizuri.

Tulipokuwa tunaondoa vyombo mke wangu kaniambia, Mzee, na mimi nina mboga zangu kule bombani, ukijisikia kuziharibu, karibu. Nimekataa katakata. Mimi si mtu wa kumwonea mke wangu.

Ila kosa nimeliona. Pipa moja halimwangushi mtu kama Fundi. Msimu ujao namwagia mawili! Seremala ananitafutia la pili. Kitambaa kikubwa zaidi kanipa Fundi mwenyewe, na pindo juu.