Kiambishi Kilicholizuia Gari Langu Kuwaka

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi wa Magari

Jumatano, asubuhi

Mheshimiwa Mkuu,

Pokea salamu za mtu usiyemjua, na ambaye usingemjua hata leo kama mhitimu mmoja wa chuo chako angeweza kutofautisha "li" na "i". Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimefundisha sarufi miaka thelathini na sita, na nina gari dogo jeupe lenye umri unaokaribia huo. Sote wawili huamka kwa shida. Tofauti ni kwamba mimi huamka.

Mhitimu ninayemlalamikia anajulikana mtaani kwetu kama Fundi Taratibu. Kwa tabia sina neno naye. Huniamkia "shikamoo, Mwalimu" hata akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana. Ninachomlaumu ni mwandiko wake.

Kesho saa tatu asubuhi mke wangu anatakiwa hospitali kuondolewa mtoto wa jicho. Hii ni tarehe ya tatu. Mbili za kwanza alizikwepa kwa woga: mara ya kwanza alisema ana mafua, mara ya pili akasema mimi ndiye mwenye mafua. Safari hii amekubali kwa sharti moja, kwamba nimpeleke mwenyewe kwa gari letu, ili asiwepo mgeni wa kumwona akitetemeka. Akiikosa tarehe hii, jina lake litarudi mwisho wa orodha, nami namjua: hatakubali mara ya nne.

Kwa hiyo Jumatatu nilimwita fundi alikague gari. Akafunga betri mpya, na kwa kuwa alikuwa na safari ya kwenda kutengeneza trekta, akaniachia maagizo kwenye karatasi. Nayanakili herufi kwa herufi, ingawa mkono wangu unasita:

"Betri mpya nimeweka. Asubuhi ikikataa kuwaka usiilazimishe, ipumzishe kidogo. Ikikataa tena igongegonge kwa chini. Ikikataa kabisa itoe nje isukume, ikishuka mteremko itawaka yenyewe."

Jumanne nikataka kulijaribu gari. Likakataa.

Sasa, Mheshimiwa, tusome pamoja. Gari ni nomino ya ngeli ya LI-YA: gari limekataa, magari yamekataa. Katika maagizo yale hakuna "li" hata moja. Kilichotajwa ni betri, nayo ni ya ngeli ya I-ZI. (Niliifikiria pia asubuhi, lakini asubuhi haisukumiki.) Kwa hiyo kila "i" inairejelea betri. Mtoto wa darasa la tano angefikia hitimisho hilo, na wangu walilifikia. Yaliyofuata ni haya:

1. Kuhusu kupumzishwa. Niliichomoa betri nikailaza sebuleni, kwenye kochi, juu ya gazeti, dirisha likiwa wazi, kwa muda wa saa nzima. Mke wangu, ambaye kwa sasa huona maumbo tu, alidhani ni paka wa jirani, akaifukuza kwa ufagio.

2. Kuhusu kugongwagongwa. Niliirudisha betri mahali pake, gari likakataa tena. Nikaigonga kwa chini mara saba kwa mwiko. Betri haikubadilika. Mwiko ulivunjika. Mke wangu akatoka jikoni kuutafuta, akaniuliza swali ninalolinukuu pamoja na makosa yake: "Baba, hiyo gari unaitengeneza au unaisahihisha?" Nikamwambia aseme "hilo gari unalitengeneza". Akasema basi amekwisha kupata jibu.

3. Kuhusu kusukumwa, na hapa ndipo penye uchungu. Niliipakia betri kwenye toroli, nikaitoa nje ya lango mpaka juu ya mteremko wa kwenda sokoni. Kwa kuwa iliandikwa kwamba itawaka yenyewe, na betri ikiwaka ni moto, nilichukua tahadhari ya kubeba ndoo ya mchanga. Jirani yetu mshonaji akaacha cherehani yake barazani, akauliza kwa upole mgonjwa anapelekwa wapi. Nikamsomea maagizo. Akatafakari, kisha akasema pengine fundi alimaanisha gari. Nikamjibu kwamba kumaanisha si kuandika. Akarudi kwenye cherehani yake akiwa ameinamisha uso, mabega yakimtikisika. Betri ilifika chini salama. Haikuwaka.

4. Tangu jana sipiti dukani bila kuulizwa betri inaendeleaje na matembezi yake.

Utasema ningempigia fundi simu. Mheshimiwa, maagizo yaliyoandikwa husomwa, hayapigiwi simu. Nakiri kwamba mke wangu angeisoma karatasi ile kwa akili ya kawaida, tusingefika hapa. Lakini haoni herufi, na hiyo ndiyo sababu ya safari yenyewe.

Kwa hayo naomba, kwanza, cheti cha Fundi Taratibu kisimamishwe mpaka atunge sentensi ishirini zenye upatanisho kamili. Aidha, mwanafunzi wako yeyote asishike spana kabla ya kutaja ngeli ya kila kitu kilichomo chini ya boneti. Na kila gereji iwe na mwalimu wa sarufi mwenye mamlaka ya kulizuia gari lililotengenezwa kwa lugha mbovu, hata kama linawaka. Hasa kama linawaka, maana hilo humpa fundi kiburi. Niko tayari kuanza kazi hiyo Ijumaa. Alhamisi nina safari, nikijaliwa.

Nisalimie walimu wako wote, karani atakayeifungua bahasha hii, na mlinzi wa lango, ambaye natumaini huandika majina ya wageni kwa herufi kubwa panapostahili.

Wako katika upatanisho wa kisarufi,

Mwalimu mstaafu, mwenye gari lisilowaka

Nyongeza. Alhamisi, saa nne asubuhi, hospitalini.

Jana jioni mke wangu alimpigia fundi simu bila kunishauri. Leo saa kumi na mbili fundi alikuwa langoni. Alipoelezwa habari za toroli hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Akafafanua kwamba cha kugongwa kilikuwa stata, yaani mota ya kuwashia injini, na cha kusukumwa kilikuwa gari. Stata iligongwa, haikusaidia. Nikashika usukani, mke wangu akakaa pembeni yangu amekunja mikono. Fundi na mshonaji wakasukuma. Katikati ya mteremko nikaachia klachi, gari likakohoa, likanguruma, nami nikatoa kichwa dirishani nikautangazia mtaa mzima: "Imewaka! Imewaka!"

Ningeweza kujitetea kwamba nilikusudia injini. Sikukusudia injini.

Fundi alikuwa bado anakimbia kando ya mlango, anahema. Akainama kwa adabu mpaka usawa wa dirisha, akasema: "Limewaka, Mwalimu."

Mke wangu alianza kucheka hapo hapo, akacheka mpaka mlango wa hospitali. Muuguzi alimpima presha mara mbili akitaka kujua ana nini. Ameingia chumba cha upasuaji akicheka bado, wala hakuomba nimshike mkono, ingawa nilikuwa nimeuandaa.

Cheti cha fundi kiache kilipo.